Mume wangu amekuwa mtu mwingine

SWALI: Mhariri mpendwa, mdogo wa mume wangu alikuwa ndani ya boti iliyotoka Minova na kuzama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, na mwili wake haukuonekana. Tangu siku hiyo mume wangu, aliyependa wageni na mazungumzo, amekuwa mtu wa kunyamaza. Akifungua kinywa ni kuwakaripia watoto, na wazee wakitaja matanga anatoka nje. Je, msiba unaweza kumgeuza mtu kiasi hiki, au kuna jambo ananificha?
Mama wa watoto wanne, Ndosho, Goma

JIBU: Mama, pole sana, kwa ajili ya mumeo na kwa ajili yako, maana shemeji huyo alikuwa ndugu yako pia.

Msiba unaweza kumgeuza mtu, na katika uliyoandika sioni dalili ya siri. Mtaalamu Mmarekani Pauline Boss, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba pasipo mwili wa kuzika huzuni hukwama, kwa kuwa mtu hajui kama alie au aendelee kungoja. Naamini kwamba mumeo, anaposikia neno matanga, anaona kama anaombwa yeye mwenyewe amtangaze mdogo wake kuwa marehemu. Na kwa kaka aliyelelewa akijua kwamba wadogo wako mikononi mwake, mzigo huo ni mzito mno. Wanaume wengi hawalii, hukasirika.

Kwa hiyo msimlazimishe kukiri kifo. Waombe wazee waanze na sala ya familia kando ya ziwa, na wewe umtaje shemeji yako kwa jina mnapokula, umwombe mumeo asimulie utoto wao. Watoto nao waambiwe waziwazi kwamba baba ana huzuni, kwa sababu mtoto asiyeelezwa hudhani kosa ni lake.

Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, uliotumika kuanzia 2022, unatambua huzuni inayomlemea mtu kupita miezi 6, na kupita desturi ya jamii yake, kuwa hali ya kutibiwa. Mumeo amepita muda huo. Fuatana naye hadi kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, hapa Goma, hata kama majirani husema ni mahali pa wenda wazimu. Na akitamka kwamba hataki kuishi, msingoje kesho.