Sumukuvu: kabla ya kulaumu mashine, angalia bambo

Miaka yangu ya mwanzo maabara, lori moja la mahindi lilinipa majibu mawili. Sampuli ya asubuhi ilisoma maikrogramu 4 za sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu) kwa kilo. Ya jioni, kutoka lori lilelile, ikasoma 38. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 10 kwa jumla ya aina zake zote nne (B1, B2, G1 na G2), na 5 kwa B1 peke yake. Jibu moja linaruhusu unga uende dukani, jingine linauzuia, na mwenye mzigo yuko nje anasubiri. Nilikesha na mashine ya HPLC, ile inayotenganisha kemikali na kupima kila moja. Nikabadilisha kolamu, yaani bomba lake la kutenganishia, nikapima tena na tena. Mashine ilikuwa nzima. Kila sampuli ilirudia jibu lake.

Kosa lilikuwa kwenye magunia. Sumukuvu haikolei kwenye mahindi kama chumvi kwenye mchuzi. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hushika punje chache, na punje moja iliyooza inaweza kubeba sumu ya kuchafua kilo kadhaa za mahindi mazuri. Asubuhi bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchoma gunia na kutolea punje, lilichomwa kwenye magunia matatu ya mlangoni, basi. Jioni likafika yale ya chini, yaliyoshika unyevu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoung'ang'ania kuliko wote: tumia muda wako mwingi kwenye kuchukua sampuli. Kwa shehena kubwa, kanuni za Umoja wa Ulaya hudai michoto 100 inayofika kilo 10. Choma juu, kati na chini, pande zote. Kisha saga kilo zote, hadi unga uwe laini, uchanganye vizuri, ndipo uchote gramu 50 za kupima. Usichote gramu 50 za punje ukazisaga hizo peke yake. Nimeona watu makini wakifanya hivyo ili kuokoa kinu, na majibu yao yalikuwa bahati nasibu.

Kutoa sumu kwenye unga si kazi ngumu: methanoli 70 kwa maji 30, tikisa, chuja. Ila zimua kwa maji kabla ya kupitisha kwenye kikolamu chenye kingamwili (protini zinazonasa sumu hii), kwa sababu methanoli kali huzidhoofisha kingamwili hizo zikashindwa kushika sumu. Acha kimiminika kidondoke polepole, kama tone moja kwa sekunde. Nilipokuwa na haraka nilikisukuma kwa bomba la sindano, na sumu ikapita moja kwa moja hadi kwenye chombo cha taka. Jibu likatoka dogo, zuri machoni, na la uongo.

Kwenye HPLC tunapima mng'ao: sumu inapigwa mwanga wa nanomita 365 nayo inang'aa kwenye 435 hivi. B2 na G2 hung'aa zenyewe vizuri. B1 na G1 hufifia kwenye maji, ndiyo maana huongezewa nguvu kwa bromini au kwa taa ya urujuanimno kabla ya kusomwa. Ukiona kwenye standadi yako (myeyusho wa sumu ya kiasi kinachojulikana) kilele cha B2 kwenye grafu kimesimama kama kawaida na cha B1 kimelala, usiguse kolamu. Kagua taa, au bromini. B1 ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo utakayoikosa.

Standadi nazo zitunze gizani, kwenye chupa za kahawia, maana mwanga huziharibu. Kioo kisichooshwa kwa asidi hunyonya B1 kimyakimya. Vyombo vilivyotumika loweka kwenye jiki, na vaa glavu. Hii ni sumu ya kusababisha saratani ya ini.

Kila siku ya kazi, chukua mahindi safi, yatie sumu ya kiasi unachokijua, yapitishe njia nzima. Nikitia 10 nikapata kati ya 7 na 11, naendelea. Nikipata 5, sitoi jibu la mtu yeyote siku hiyo, hata akipiga simu mara ngapi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumu hii. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, malori yakakwama mpakani. Tarakimu tunayoiandika inaingia kwenye sufuria ya mtu, au inamzuilia mkulima mauzo yake ya mwaka.

Na wewe unayeleta mahindi maabara: weka sampuli kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa nailoni, kwani unyevu ukifungiwa kuvu huendelea kukua njiani. Andika siku uliyochota na magunia mangapi uliyachoma. Ukikabidhiwa jibu, uliza kama lina kiasi cha kuyumba, mfano 7 jumlisha au toa 2, na uliza siku hiyo mahindi yao ya majaribio yalisoma ngapi.