Zulia Lililolika Mlangoni: Kwa Fundi Anayeanza

Ukiitwa kutengeneza zulia lililolika mlangoni, kisu kiache kwanza kwenye mkoba. Piga magoti, pitisha kiganja kizingitini, kisha fungua na ufunge mlango taratibu. Zulia la hapo haliliwi na miguu peke yake. Huenda mlango wenyewe unalikwangua kwa chini, au bamba la chuma linaloshika ukingo wa zulia kizingitini limelegea na ukingo unachezacheza kila mtu akipita, au sponji ya chini iliishia kabla ya kufika kizingitini. Mchanga nao ukizama kwenye mashina ya nyuzi, huzisaga kama msasa. Bandika kiraka bila kuondoa chanzo, nacho kitaliwa vilevile.

Kama ni uzi mmoja tu umechomoza, usiuvute hata kidogo. Ukate kwa mkasi, usawa na wenzake. Zulia la vitanzi, yaani ambalo nyuzi zake zimekunjwa bila kukatwa ncha, linaweza kufumuka mstari mzima kwa mvuto mmoja.

Kiraka kitoke wapi? Wengi hukimbilia kipande kilichobaki siku ya kutandika. Mimi hupenda kukata ndani ya kabati la ukutani, kwa sababu zulia la humo limezeeka nyumba moja na la mlangoni. Kipande cha akiba mara nyingi hung'aa peke yake. Bila shaka mwenye nyumba akubali kwanza.

Sasa jambo lililoniumiza. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa na vipimo kamili, kikaingia bila mwanya, nikaondoka nimeridhika. Kesho yake nikaitwa: mwanga wa dirishani ulipoingia, mlangoni palionekana mraba mweusi. Nilikuwa nimekigeuza. Manyoya ya zulia hulala upande mmoja. Ukiyapapasa kuelekea huko yanateleza, ukirudi yanakataa, na kila upande hupokea mwanga kwa namna yake. Rangi ni ileile, lakini jicho linaona mbili. Nililazimika kukibandua na kutafuta kipande kingine. Tangu hapo, kabla ya kukata chochote nabandika utepe wa karatasi juu ya zulia na juu ya kiraka, nachora mshale kufuata ulalo wa manyoya. Mishale miwili ikielekea kumoja, ndipo nakata.

Kiraka kikate kwa nyuma, kwa rula ya chuma na wembe mpya. Kilaze juu ya palipolika, tenganisha manyoya kwa ncha ya bisibisi, kisha fuata ukingo wake ukikata la chini. Paka gundi ya mpira kwenye kingo zote zilizokatwa ili zisifumuke. Utepe wa kuunganishia ukae nusu chini ya kila upande. Kiungo, ikiwezekana, kiangukie chini ya mlango ukiwa umefungwa, vyumba vyote viwili visikione.

Bamba lirudishwe kwa skrubu, si kwa gundi. Kisha funga mlango tena. Mlango ukigusa manyoya, uvue kwenye bawaba, uupige randa kwa chini kabla mtu hajapita.