Maswali yenu: Mbona Urusi na nchi za Magharibi hawaaminiani?

Safari hii nimechagua maswali yanayohusu jambo moja, yaani Urusi na wakubwa wa Magharibi. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha. Waliouliza nani atashinda vita vya Ukraine wanisamehe, mimi si mganga.

Kijiweni kwetu kuna mzee anayesisitiza kwamba Marekani iliahidi NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, haitasogea mashariki, kisha ikavunja ahadi. Ni kweli? (Msomaji wa Tanga)

Mzee wenu hakutunga, ila kasimulia nusu. Tarehe 9 Februari 1990, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, James Baker, alikutana na kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, Mikhail Gorbachev, mjini Moscow. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeshaanguka, na kilichojadiliwa ni namna ya kuziunganisha Ujerumani mbili. Baker akamuuliza mwenyeji wake angependelea lipi: Ujerumani moja iliyo nje ya NATO, au iliyo ndani, huku akihakikishiwa kwamba NATO haitasogea mashariki hata inchi moja? Gorbachev akasema kusogea kokote hakukubaliki, na Baker akakubaliana naye. Kumbukumbu za kikao hicho zimehifadhiwa na zinasomeka.

Nusu ya pili ni mkataba wenyewe, uliotiwa saini Moscow tarehe 12 Septemba mwaka huohuo. Unazuia askari wa kigeni na silaha za nyuklia kupelekwa katika eneo lililokuwa Ujerumani Mashariki, basi. Kuhusu NATO kufika Poland au Hungary hausemi neno. Gorbachev mwenyewe alisema mwaka 2014 kwamba wakati ule suala la NATO kupanuka halikujadiliwa kabisa, ingawa aliuona upanuzi wa baadaye kuwa umekiuka roho ya maelewano yao.

Kilichowaudhi Warusi zaidi, nadhani, ni mwaka 1999. Tarehe 12 Machi, Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech ziliingia NATO. Tarehe 24, ndege za NATO zikaanza kuishambulia Yugoslavia bila idhini ya Baraza la Usalama. Siku hiyo waziri mkuu wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikuwa angani juu ya Atlantiki akienda Washington. Alipopewa habari kwamba mashambulizi yanaanza, akaagiza ndege igeuzwe irudi Moscow.

Lakini mwambieni mzee na hili: hao wa Poland hakuna aliyewaburuta. Walibisha hodi wenyewe, wakabisha sana, kwa sababu walishawahi kukaliwa na Moscow na hawakutaka kurudi huko. Mabishano mengi ya vijiweni huzungumzia Moscow na Washington tu, kama kwamba wanaoishi katikati hawana akili zao.

Finland iliishi pembeni ya Urusi miaka yote bila NATO. Kwa nini iliingia mwaka 2023? (Msomaji wa Kisumu)

Kwa sababu ya tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Finland ina mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, na ina kumbukumbu: Novemba 1939 Stalin aliivamia, na vita vilipokwisha Wafini wapatao 400,000 walikuwa wamehama makwao, kwani maeneo yao yalichukuliwa. Baada ya hapo walichagua kukaa kimya na kutomchokoza jirani. Walipoona Ukraine, ambayo nayo haikuwa mwanachama, imevamiwa, wengi wakabadili msimamo kwa muda mfupi mno. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliona nyoka mwenyewe. Sweden ikafuata Machi 2024, baada ya kukaa nje ya vita kwa karne mbili. Kama lengo la Moscow lilikuwa kuisukuma NATO mbali, sijui mtu ataihesabu vipi hiyo kuwa faida.

Warusi wa kawaida, si viongozi, wana kinyongo gani na Magharibi? (Msomaji wa Bukavu)

Ukiwauliza wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea, wengi watakutajia miaka ya tisini. Januari 1992 serikali ya Boris Yeltsin iliachia bei, na mfumuko mwaka huo ulipita asilimia 2,000. Akiba ya mtu ya maisha yote ikageuka nauli ya basi. Walimu na wachimba makaa walikaa miezi bila mshahara, huku viwanda vya serikali vikiishia mikononi mwa wachache waliotajirika ghafla. Agosti 1998 sarafu ikaporomoka tena. Washauri wa Kimagharibi walikuwepo na wakasifia mageuzi hayo, kwa hiyo kwa Warusi wengi maneno “demokrasia” na “umaskini” yalifika nyumbani siku moja.

Kinyongo hicho kina msingi. Lakini pia kimelishwa na televisheni ya serikali mwaka baada ya mwaka, na anayepinga vita hadharani anaweza kufungwa, hivyo kura za maoni za huko zisome kwa tahadhari. Na Magharibi nako wana orodha yao ya mambo wanayoilaumu Moscow: mwaka 2006 Alexander Litvinenko, jasusi wa zamani wa Urusi, aliuawa London kwa sumu ya poloniamu, na mwaka 2014 ndege ya abiria MH17 ilitunguliwa juu ya mashariki ya Ukraine, watu 298 wakafa.

Ukraine ilipewa nini ilipotoa silaha zake za nyuklia? (Msomaji wa Muscat)

Ilipewa karatasi. Desemba 1994, mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine. Haikuwemo hata sentensi moja ya kumlazimisha mtu kupeleka askari. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea. Nchi yoyote inayofikiria leo kuacha silaha hizo itaisoma karatasi hiyo kwanza.

Ile “simu nyekundu” kati ya Ikulu ya Marekani na Kremlin ipo kweli? (Msomaji wa Dodoma)

Simu hakuna. Kuna njia ya maandishi, iliyoanza Agosti 1963 kwa mashine za kuchapa. Ilizaliwa na kiwewe cha makombora ya Kisovieti nchini Cuba, Oktoba 1962, ambapo ujumbe wa kuokoa dunia ulichukua saa nyingi kufika. Balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, alisimulia kwamba telegramu zake zilikuja kuchukuliwa ubalozini na kijana wa baiskeli, naye akibaki kuomba kijana asisimame njiani.

Ila mawasiliano si waya tu. Tarehe 25 Januari 1995 wanasayansi wa Norway na Marekani walirusha roketi kutoka Andøya kuchunguza mianga ya kaskazini. Norway ilikuwa imeiarifu Moscow mapema, lakini taarifa haikuwafikia waliokaa kwenye rada. Hao wakaona kitu kinachofanana na kombora la nyambizi ya Marekani. Yeltsin akafunguliwa mkoba wa kuamuru mashambulizi ya nyuklia, na kwa dakika chache wakubwa wa jeshi wakafuatilia kilikokuwa kikielekea, hadi ikaonekana hakiendi Urusi. Hapo Vita Baridi vilikuwa vimekwisha na viongozi walikuwa marafiki.

Ndiyo maana mimi sitishwi sana na matusi ya majukwaani. Kinachonitisha ni kufa kwa mikataba ya kukaguana silaha. Ule wa 1987 ulioteketeza makombora 2,692 ulivunjika Agosti 2019. Ule wa anga huria, ulioruhusu kila upande kurusha ndege za picha juu ya mwenzake, Marekani ilitoka 2020 na Urusi 2021. Ule wa 2010, uliowawekea kikomo cha vichwa vya nyuklia 1,550 vilivyo tayari kurushwa, Urusi iliusimamisha Februari 2023. Wakati wa Reagan na Gorbachev hakuna aliyemwamini mwenzake pia, lakini wakaguzi waliingia viwandani wakahesabu.

Nchi zetu zilipiga kura vipi Umoja wa Mataifa? (Msomaji wa Kampala)

Tarehe 2 Machi 2022, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi 141 zilizoitaka Urusi iondoke Ukraine. Tanzania, Uganda na Burundi hazikupiga upande wowote.

Mdogo wangu kaahidiwa kazi Urusi, mshahara mnono, tiketi ya bure. Aende? (Msomaji wa Mombasa)

Dada, asiende mpaka ausome mkataba wote kwa lugha anayoielewa, na wizara ya mambo ya nje ithibitishe kwamba mwajiri yupo. Kuna Waafrika waliotoka na ahadi ya kazi za kawaida wakajikuta mstari wa mbele. Na mwaka 2022 Mtanzania aliyekuwa akisoma Moscow kisha akafungwa alikubali kupigana upande wa kundi la Wagner, mamluki wa Kirusi, ili asamehewe kifungo, akauawa Ukraine. Akiambiwa asaini karatasi ya Kirusi leoleo uwanja wa ndege, arudi nyumbani.