Kabla hujasema mshono wako wa kano umeshika

Juzi nimekuta interni watatu wamening'iniza kano za mbuzi kwenye mizani ya samaki. Nikafurahi, mpaka nilipofunua daftari lao. Kessler (mshono wa kuunga kano) ya nyuzi mbili, kilo 3 na nusu. Ya nyuzi nne, kilo 3. "Dokta, kumbe mbili zinatosha!" Nikauliza uzi. Ya kwanza 3-0, uzi mnene; ya pili 5-0, mwembamba. Nikavuta kiti nikakaa.

Wadogo zangu, sikilizeni.

1. Badilisha kitu kimoja tu. Uzi uwe uleule, kano za unene uleule, mshonaji yuleyule. La sivyo mnapima stoo ya nyuzi, si mshono.

2. Andika mwanya kati ya ncha za kano, msisubiri kukatika. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Nikiwa interni nami nilikuwa na daftari la mbuzi. Niliandika kilo ambazo kano ilikatikia, basi. Ncha zilikuwa zikiachana mapema, ningeweza kupitisha njiti ya kiberiti katikati, nikasema si neno, uzi bado umeshika. Sindano nilikuwa naichoma milimita 4 kutoka kwenye mkato, kwa sababu ndiko ilikofika bila shida.

Siku hizohizo akaletwa mvuvi wa Kibirizi, Kigoma. Kioo cha karabai kilikuwa kimemkata kano zote mbili za kukunja kidole cha pete, zoni ya pili, yaani kati ya kiganja na katikati ya kidole. Bosi alikuwa safarini. Nilitakiwa nisafishe kidonda, nifunge ngozi, nimsubiri. Siku chache hazingeharibu kitu. Lakini nilikuwa na daftari langu. Nikashona.

Siku ya kumi akarudi, kidole kimenyooka kama msumari. Nikamfokea mbele ya foleni: "Umevua hogo ukaenda kuvuta nyavu!" Akanijibu taratibu, "Dokta, nilikuwa nafunga kifungo cha shati." Sikumwamini. Hata kwenye faili niliandika kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo.

Bosi alipofungua, fundo lilikuwa zima. Uzi mzima. Vitanzi vyangu ndivyo vilivyokuwa vimepita ndani ya ncha ya kano, kama uzi unavyokata ugali, vikatoka upande wa pili bila kushika kitu. Akaliweka fundo juu ya chachi nyeupe, akalisogeza kwangu kwa koleo. "Umefunga vizuri sana," akasema. "Umefunga hewa." Kidole kile hakikukunja tena sawasawa, hata baada ya kushonwa upya. Karatasi ile ya faili niliiandika upya kwa mkono wangu, bosi amesimama nyuma.

Kwa hiyo mkiona mwanya umefika milimita 3, andikeni kilo za hapo, halafu endeleeni kuvuta.

3. Sindano iingie karibu sentimita 1 kutoka kwenye mkato.

4. Hesabuni nyuzi zinazovuka mkato, msihesabu jina la mshono. Mbili hubeba takriban nyutoni 20 hadi 30, yaani kilo 2 au 3. Nne hukaribia maradufu. Mshono wa kuzunguka ukingo unaongeza nguvu na kuchelewesha mwanya, na nawaona mnavyouruka saa ya chakula ikikaribia. Sita ni imara zaidi, ila kano ikivimba kama kiazi haipiti kwenye kapi ya A2, ile pete inayoishikilia kano kwenye mfupa wa kidole, na mgonjwa hakuja kwako kutafuta kiazi.

5. Kano zilowe maji ya chumvi muda wote. Na vuteni kidogokidogo, mara nyingi. Yule mvuvi hakufunga kifungo kimoja. Shati lina vifungo sita.

6. Mizani ni ya mama mmoja muuza migebuka. Mara ya mwisho ilirudi na mafuta ya mbuzi kwenye ndoano, nikanunua samaki wa wiki nzima kwa bei aliyotaka yeye ili yaishe. Ioshwe leo.