Mwanangu, kuhusu mizizi ya utaifa wa mrengo wa kulia

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi hapa nyumbani tu wazima. Umeniuliza kama siasa za utaifa unazozisikia huko Ufaransa unakosoma zina falsafa yoyote, au ni chuki tupu. Falsafa zinayo, tena ya zamani, na ni vema uijue kabla ya kuipinga.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalipotangaza haki za binadamu wote, Joseph de Maistre, mwandishi aliyeyapinga, alijibu kwamba amewaona Wafaransa, Waitalia na Warusi, lakini huyo binadamu hajapata kukutana naye popote. Kabla yake Herder, mwanafalsafa Mjerumani, alikuwa amefundisha kwamba kila taifa lina roho yake, ikaayo katika lugha na nyimbo zake.

Hapo pana ukweli. Lugha, mila na makaburi ya wazee tumevipokea bila kuvichagua, na siasa inayomhesabu mtu kana kwamba hana kwao humuumiza. Maurice Barrès, mwandishi Mfaransa aliyehubiri habari za ardhi na wafu, alitoka Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, ambako sehemu ya jimbo ilitwaliwa na Ujerumani mwaka 1871. Uchungu wake haukuwa wa kuigiza.

Lakini tazama hoja hiyo ilikomfikisha. Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi katika jeshi la Ufaransa, alihukumiwa mwaka 1894 kwa usaliti ambao hakuufanya, naye Barrès akaandika kwamba asili ya mtu huyo yatosha kuonyesha kuwa anaweza kusaliti. Ushahidi ukakosa kazi, maana ukweli wenyewe ulikuwa umefanywa mali ya ukoo. Hapo ndipo ninapoachana nao kabisa. Charles Maurras wa Action française, harakati ya utaifa iliyotaka ufalme, aliligeuza jambo hilo kuwa mfumo: mfalme arudi, na Wayahudi, Waprotestanti, Freemason (wanachama wa udugu wa siri) na wageni wahesabiwe maadui wa ndani, hata waliozaliwa humo humo. Aliiunga mkono serikali ya Pétain, iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler katika Vita vya Pili vya Dunia, na alipohukumiwa kifungo cha maisha huko Lyon mwaka 1945, alipaza sauti kwamba hicho ni kisasi cha Dreyfus, ingawa mahakama ilikuwa imemsafisha Dreyfus tangu 1906.

Ukipata nafasi, isome hotuba ya 1882 ya Ernest Renan, mwanazuoni Mfaransa, kuhusu taifa ni nini, ambayo inauheshimu urithi wa wazee lakini inataka pia ridhaa ya walio hai, wanaokubali kila siku kuendelea kuishi pamoja. Ukishaisoma, nipigie simu tuijadili.

Ni mimi baba yako.