Nyama ya moshi inapotoka chungu, utazame moto kwanza

Ndugu, umeeleza kwamba kidari chako cha ng'ombe kilishinda kutwa kwenye pipa lenye chumba cha moto ubavuni, kikatoka cheusi na kuacha uchungu ulimini, na sasa unauliza kama ulowanishe kuni ili moshi uwe mwingi zaidi. Kwa heshima, nakusihi usifanye hivyo.

Uchungu ule hausababishwi na uhaba wa moshi, bali na moshi mbaya. Ukuni unapopata joto hutoa kwanza mvuke wa maji, kisha gesi, na gesi hizo zikipata hewa ya kutosha huwaka na kuacha moshi mwepesi wa rangi ya samawati, ambao pengine hutauona mpaka uinamishe kichwa na kuutazama mbele ya kivuli. Moshi huo ndio unaobeba gwayakoli na siringoli, yaani kemikali zenye harufu nzuri zinazotokana na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Hewa ikipungua, au ukuni ukiwa na maji, gesi hazimaliziki kuungua, unatoka moshi mweupe mzito, na lami yake huganda juu ya nyama. Ukilowanisha kuni unaongeza mvuke na kuupoza moto, basi.

Mimi huanza na makaa yaliyokolea vizuri, kisha nikaongeza ukuni mmoja mmoja, wenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa sentimita 30 hivi. Kabla ya kuutia huulaza juu ya chumba cha moto upate joto. Nikishautia naacha mlango wazi kidogo na kuutazama: moshi mweupe hutoka kwa muda mfupi, ukingo wa gome huanza kuwa mweusi, kisha ndimi ndogo hupanda upande mmoja na moshi wote hutoweka kwa mara moja. Hapo ndipo ninapofunga mlango. Bomba la moshi huliacha wazi kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, na joto nalidhibiti kwa tundu la hewa la chini na kwa ukubwa wa kuni. Wengi huwasha moto mkubwa, kisha wanaubana hewa ili upoe. Moto huo haupoi vizuri, unafukuta, na nadhani ndivyo kidari chako kilivyoharibika. Moto mdogo wenye ndimi unatosha kabisa kulishikilia pipa kwenye nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi. Kipimajoto ukiweke usawa wa wavu, karibu na nyama, kwa kuwa cha kwenye mfuniko husoma joto la mahali pengine.

Kuhusu miti, mwembe, mpera na mchungwa zina moshi mpole. Mathenge, iliyoenea sana Baringo, ni jamaa wa mti ambao watu wa Texas huuita mesquite; inawaka kwa joto kali na moshi wake una nguvu, kwa hiyo ichanganye na kuni nyingine. Kuni zipasuliwe na kukaa kivulini penye upepo miezi sita au zaidi, hadi zigonganishwapo zitoe mlio mkali. Misonobari ina utomvu mwingi, haifai. Mnyaa na mbao zilizopakwa rangi au dawa ni sumu, usizikaribishe hata kwa kuwashia.

Jambo la mwisho ni subira. Nyama ikifika nyuzi 65 hadi 75 ndani, joto lake linaweza kukwama kwa saa kadhaa kwa sababu maji yanayovukizwa juu yake yanaipoza. Hapo watu huingiwa na wasiwasi wakashindilia kuni, na moshi mweupe unarudi. Uache moto ulivyo. Ukiona muda unakubana, ifunge nyama kwa karatasi isiyo na nta wala maandishi. Kuanzia hapo moshi hauongezi kitu kikubwa, hivyo unaweza kumalizia kwa makaa peke yake mpaka ifike karibu nyuzi 95 na sindano ipenye bila kukwama.