Hatia ya jimbo moja, adhabu ya jimbo jingine

SWALI: Ndugu Mwandishi wa safu ya sheria, ninaishi Marekani, na mdogo wangu wa kiume ameshtakiwa kwa wizi katika jimbo alilohamia. Miaka saba iliyopita, akiwa katika jimbo jingine, alikiri kosa la kuvunja na kuingia, akafungwa na kumaliza kifungo chake. Sasa mwendesha mashtaka anasema kuwa hatia hiyo ya zamani itamwongezea adhabu. Je, jimbo moja linaweza kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo jimbo jingine limekwisha kumwadhibu?
Dada wa mshtakiwa

JIBU: Pole sana, dada yangu. Kwa msimamo wa muda mrefu wa Mahakama ya Juu ya Marekani, adhabu inayoongezwa kwa sababu ya rekodi ya awali huhesabiwa kuwa adhabu ya kosa jipya, si adhabu ya pili ya kosa la zamani. Kwa hiyo hoja ya kwamba mdogo wako anaadhibiwa mara mbili haitamsaidia, wala hoja ya kwamba yale yalitokea kwingine, kwa kuwa rekodi za majimbo zimeunganishwa kwa alama za vidole kupitia FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, na mwendesha mashtaka huziona mapema.

Hata hivyo, hatia ya jimbo jingine kuonekana katika rekodi si sawa na hatia hiyo kuhesabiwa, na hapa ndipo ninapokuomba usome kwa makini. Kila jimbo hujitungia sheria zake za jinai, na kosa lenye jina lilelile huweza kuwa na maana pana katika jimbo moja na finyu katika jingine. Ndiyo maana mahakama nyingi hazitazami jina la kosa, bali huweka sheria mbili kando kwa kando na kuuliza kama yale ambayo upande wa mashtaka ulilazimika kuyathibitisha kule yangetosha kumtia mtu hatiani huku.

Mfano ulio wazi ni kesi ya Mathis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2016. Mshtakiwa alikutwa na hatia katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu na si ya jimbo, kwa kumiliki bunduki ilhali alikuwa na rekodi ya makosa makubwa, na alikuwa na hatia kadhaa za kuvunja na kuingia alizozipata jimboni Iowa. Sheria moja ya shirikisho humpa kifungo kisichopungua miaka 15 mtu wa namna hiyo mwenye hatia tatu za awali za makosa ya kutumia nguvu au makosa mazito ya dawa za kulevya, na kuvunja jengo ni miongoni mwa makosa hayo. Lakini sheria ya Iowa haikuishia kwenye majengo, kwani ilijumuisha pia magari na vyombo vya majini na vya angani. Kwa kuwa ilikuwa pana kuliko kosa lililokusudiwa na sheria ya shirikisho, hatia zile hazikuweza kuhesabiwa, ingawa kumbukumbu zilionyesha kwamba mshtakiwa mwenyewe alivunja majengo. Wapo wanaoona matokeo kama hayo hayana mantiki. Mimi naona ni ya haki, kwa sababu mtu hapaswi kuongezewa miaka gerezani kwa kutegemea maelezo ya zamani ambayo hakuna aliyelazimika kuyathibitisha wala kuyapinga wakati ule.

Majimbo nayo yana vipimo vyao, na havifanani. Kansas iliamua mwaka 2018, katika kesi ya Wetrich iliyohusu hatia ya kuvunja na kuingia kutoka Missouri, kwamba vipengele vya kosa la nje, yaani mambo yanayopaswa kuthibitishwa, lazima viwe sawa na vya Kansas au finyu zaidi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo hilo likabadilisha kanuni, kwa hiyo hata tarehe ya kesi ina uzito wake. New York huuliza kama kosa lile lingeweza kumpatia mtu kifungo cha zaidi ya mwaka 1 katika majimbo yote mawili, na kwa kawaida huacha hatia iliyopita miaka 10, bila kuhesabu muda aliokaa gerezani.

Kama kesi ni ya shirikisho, miongozo ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1987 hupima rekodi kwa pointi, na zikiongezeka adhabu inayopendekezwa huweza kupanda: hutoa pointi 3 kwa kila kifungo cha awali kilichozidi mwaka 1 na mwezi 1, pointi 2 kwa kifungo cha siku 60 au zaidi, na pointi 1 kwa nyingi za adhabu nyingine. Kinachopimwa ni kifungo alichotamka jaji, ukiondoa sehemu iliyoahirishwa, wala si siku ambazo mtu alikaa ndani hasa. Tangu mwaka 2005 miongozo hiyo haimlazimishi jaji, ingawa bado ni lazima aihesabu kabla ya kuamua.

Barua yako haikutaja majimbo, nami siwezi kusema hatia ya mdogo wako itaangukia wapi. Ninachokusihi ni kwamba wakili wake apate hati ya hukumu ya zamani na maandishi ya sheria ile kama yalivyokuwa siku kosa lilipotendeka, kwa kuwa sheria ya leo huenda imekwisha kurekebishwa. Aulize pia kama mdogo wako alikuwa na wakili alipokiri kosa, au aliikataa haki hiyo kwa hiari na kwa kuelewa. Kesi ya Custis ya mwaka 1994 imefunga karibu milango yote ya kuipinga hatia ya zamani wakati wa kutoa adhabu katika mahakama za shirikisho, ila huo wa kunyimwa wakili. Yote haya yafanyike kabla hajatia saini makubaliano yoyote ya kukiri kosa, kwa sababu makubaliano mengi humtaka mshtakiwa aikubali rekodi yake kama ilivyoandikwa, na akishaikubali, mara nyingi hapati tena nafasi ya kudai kwamba sheria hizo mbili hazilingani.